Jumuiya walikuja kwangu, nikajifungia ndani na watoto tukazima taa

Mama shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia saa hizi usiku watoto wamelala, baba yao yupo saiti huko Mtumba, katikati ya wiki huwa analala hukohuko kuokoa nauli. Hii barua nimeianza mara tatu nafuta, leo nimesema naituma hivihivi ilivyo.

Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nimeokoka tangu nipo sekondari na kanisani kwetu wananijua, yani mi ndo yule mtu ukifiwa nafika na sufuria kabla hata turubai halijafungwa, ukilazwa General nakuja na chupa ya uji asubuhi, kwaya nipo, na kwenye jumuiya yetu mi ni mhazina huu mwaka wa nne. Kuna watu hata jina langu hawalijui, wananiita mama huduma.

Sasa mwaka huu mwezi wa tatu nikaingia kwenye biashara ya zabibu. Nilikopa laki nane kwa hawa watu wa mikopo ya mtaani, kausha damu, rejesho elfu 60 kila Jumatatu kwa wiki ishirini. Nikaenda Mpunguzi nikanunua zabibu nikapanga kwenye matenga nikapakia kwenye basi kwenda Dar. Mvua zilikuwa bado zinanyesha na mkulima mwenyewe aliniambia dada hizi zimeshaanza kupasuka, subiri jua lipige siku mbili tatu, mi nikaona msimu utanipita. Zilivyofika kule nusu zilikuwa zimeoza zinachuruza maji, mteja akanitumia picha na hela hakutuma. Basi hapo ndo nilipoangukia. Nimeuza friji, nimeuza cherehani ya marehemu mama, Jumatatu ikifika nasikia tumbo linakata kabla hata hawajaja.

Sasa ngoja nikueleze kilichonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita Alhamisi ilikuwa zamu ya jumuiya kuja kwangu. Kwetu jumuiya ikija kwako lazima uandae chai, na siku hizi chai yenyewe sio chai, ni maandazi, mayai, chapati, kuna dada mmoja mwezi wa tano alitoa pilau na soda kila mtu yake. Mi siku hiyo nilikuwa na unga robo na majani ya chai, sukari hamna. Nilitaka kuandika kwenye grupu nimesafiri, nikashindwa kudanganya kwa maandishi, kumbe nikaenda kudanganya kwa njia nyingine. Saa kumi na moja kasoro nikafunga geti kwa ndani, nikaingiza ndala zote, nikashusha mapazia, nikazima taa na tivii, nikawaambia watoto leo tunacheza mchezo wa kukaa kimya. Mdogo ana miaka mitano, akaninong'oneza, mama kwani wanaokuja ni wezi?

Wakaja. Wakagonga. Wakapiga simu, nilikuwa nimeiweka sailenti ikawa inawaka tu pale kitandani, jina la mwenyekiti linatokea linapotea. Nikajua wataondoka. Hawakuondoka mama, walisimama palepale nje wakaimba pambio, halafu bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane, anauza karanga, akaomba. Sikusikia yote ila nilimsikia anasema Bwana kama binti yetu yupo safarini mlinde, na kama yupo ndani anashindwa kufungua, ingia wewe. Niliuma kanga nisitoe sauti.

Tangu hapo sijarudi jumuiya. Kanisani pia siendi, Jumapili naweka ibada ya onlaini kwenye simu nasali chumbani. Mwenyekiti aliniuliza nikamwambia siku ile nilikuwa hospitali na mtoto.

Na kuna kitu sijakisema bado. Hela ya mfuko wa msiba ya jumuiya, laki moja na themanini, nilikuwa naitunza mimi. Mwezi wa sita niliichukua nikalipa marejesho matatu. Nilijiambia ndani ya wiki narudisha. Hadi leo haipo. Mume wangu deni analijua ila hili hajui. Bahati nzuri hakuna aliyefiwa, lakini kila nikisikia mtu wa jumuiya anaumwa natetemeka, na sitetemeki kwa ajili ya mgonjwa, natetemekea ile hela. Hapo ndo najiuliza nimekuwa mtu wa namna gani.

Nimefunga siku saba. Nimetubu nimelia. Nimemwachia Mungu. Amani haiji. Nilichopanga ni nikae pembeni kimyakimya, nifanye vibarua vya kufua, nilipe deni lote na ile laki na themanini niirudishe bila mtu kujua, nikishakuwa sawa ndo nirudi kwenye jumuiya na huduma. Je mpango huu ni sawa mbele za Mungu? Na kama ameshanisamehe, kuna ulazima gani wa kuwaambia watu? Si tunafundishwa neema inatosha?

Mama wa Wawili, Nkuhungu

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Amina, asifiwe milele.

Pole. Nasema pole kwanza kabla ya yote maana barua yako naona umeshajihukumu mwenyewe vya kutosha, sihitaji kukuongezea. Pole ya zabibu, pole ya cherehani ya mama. Hiyo cherehani niliposoma nilisimama kidogo.

Halafu nikasoma tena pale getini, na kuna kitu nimekiona ambacho nadhani wewe kwa ile hofu hukukiona. Umesema ulifunga geti kwa ndani. Sasa mwanangu, mtu wa mtaani kwetu akisafiri anafunga geti kwa wapi? Kwa nje, kufuli linaning'inia. Hao watu walifika hawakuona kufuli nje. Walisukuma geti likagoma kwa komeo la ndani. Bibi anayeuza karanga, mtu ambaye maisha yake yote ni kupita geti kwa geti, unafikiri hajui nyumba yenye watu na nyumba isiyo na watu? Alijua upo. Nahisi wote walijua, na mwenyekiti aliyekupigia simu pengine alihisi upo hata kama hukupokea, mi sijui, ila najua walisimama pale wanajua umewafungia na badala ya kununa wakaimba. Ile sala ya bibi irudie kichwani. Hakusema Bwana mfichue, wala hakusema mfundishe adabu. Alisema ingia wewe.

Sasa nikujibu swali lako moja kwa moja. Mpango wako sio sawa. Nia ya kulipa ni njema na utalipa, hilo tutalifikia, ila mpangilio wake umegeuka miguu juu. Umesema nilipe kwanza, niwe sawa, halafu nirudi. Mkumbuke Zakayo kwenye Luka 19, mkubwa wa watoza ushuru, mtu aliyekula hela za watu kweli, sio laki na themanini. Yupo juu ya mkuyu, Yesu anafika chini anamwambia shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Leo. Muda huo Zakayo alikuwa hajarudisha hata senti, hajaomba msamaha kwa mtu, hata nyumba yenyewe hatujui kama ilikuwa imefagiliwa. Yesu akaingia na madeni yakiwa yote mezani. Ni baada ya mgeni kuwa ndani ndipo Zakayo anasimama anasema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Kulipa kulikuja, tena kulikuja kwingi, lakini kulikuja nyuma ya neema. Wewe unataka kutangulia wewe halafu neema ikufuate ikikuta umeshafagia na sukari ipo kwenye kopo. Ndo maana umefunga siku saba na amani haijaja, sio kwamba mfungo haufai, ila ulifunga ndani ya nyumba ambayo geti lake bado lina komeo.

Na hili neno la nimemwachia Mungu, naomba tulizungumze maana tunalitumia sana, mi mwenyewe nalitumia. Mtu amedhulumiwa anasema namwachia Mungu, mtoto kamshinda anasema namwachia Mungu, na mara nyingi ni kweli na ni imani. Lakini kuna kumwachia Mungu kwingine ambako ni kulisukuma jambo chini ya kitanda. Kujisalimisha kwa kweli kuna kitu unakiachia mkononi. Wewe umeachia nini mpaka sasa? Daftari la uhazina bado unalo wewe. Siri bado unayo wewe. Sifa ya mama huduma bado unailinda wewe, na nadhani mwanangu hiyo ndo nzito kuliko hata deni, kwa sababu uongo wa hospitali hukuusema kwa ajili ya hela, uliusema ili wasikuone umeishiwa. Miaka yote umezoea kuwa upande wa kubeba sufuria. Kuletewa sufuria hujazoea. Paulo aliomba mwiba umtoke mara tatu akajibiwa neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu. Umenukuu nusu ya kwanza. Hiyo nusu ya pili inasema uweza unatimilika mahali ambapo wewe umeishiwa sukari.

Umeuliza kuna ulazima gani wa kuwaambia watu wakati Mungu ameshasamehe. Mungu amesamehe, hapo sibishani, ukitubu kwa kweli damu ya Yesu haihitaji nyongeza ya jumuiya. Lakini ile hela haikuwa ya Mungu peke yake, ni ya yule bibi wa karanga aliyetoa elfu mbili mbili, ni ya watu ambao kesho wakifiwa watakugeukia wewe. Na kuna jambo lingine. Msamaha ulioupokea peke yako gizani unaujua kwa kichwa, mwili bado unatetemeka simu ikilia. Sisi binadamu tumeumbwa hivyo, msamaha tunahitaji pia kuuona kwenye uso wa mtu.

Nikusimulie kidogo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mvumi, katika wale wa uamsho. Vijana wengi wa sasa hawaujui uamsho ule, wanajua mikutano ya vipaza sauti tu. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, daktari mmoja Mwingereza wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, Joe Church, amechoka amekauka kiroho, alikutana na Mganda mmoja anaitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa wanasoma Biblia na kuomba pamoja, na moto ule ukashika Gahini miaka ya 30 ukasambaa Uganda, Kenya, Tanganyika mpaka huku kwetu kati. Kitu kilichowatambulisha watu wale ni walichokiita kutembea nuruni, wamekitoa kwenye 1 Yohana 1:7, tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu yatusafisha dhambi yote. Angalia hilo neno lilivyokaa, kushirikiana sisi kwa sisi lipo katikati, kati ya nuru na damu. Wale wazee waliliona. Wakikutana mtu anasimama anaitaja dhambi yake kwa jina, sio kusema nimekosea hapa na pale.

Basi bibi mwaka mmoja wa njaa alichukua uwele kwenye ghala la shemeji yake bila kuomba, watoto walikuwa wanalia. Miezi ikapita, wakavuna, hakurudisha maana kurudisha ni kukiri. Siku moja kwenye ushirika akasimama akasema. Alitegemea waondoke mmoja mmoja. Alichokuwa anatusimulia sisi wajukuu, tena kila mara anasimulia kwa namna ileile, hakuwa anarudia maneno aliyoyasema siku ile wala kilio chake. Alikuwa anasimulia kwamba mama mmoja alinyanyuka, akaingia kwake, akatoka na debe la uwele akamwambia twende. Bibi alikuwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo debe alilibeba yule mwenzake kichwani kutoka kwake mpaka kwa shemeji, mwendo wa jua kali, na njia nzima hawakuongea juu ya wizi, waliongea mambo ya kuku. Akimaliza hapo bibi alikuwa ananyamaza anatingisha kichwa, miaka hamsini imepita lakini bado anamshangaa yule mama na debe.

Ila usinielewe vibaya, siku ya mavuno yaliyofuata bibi alimlipa yule mama debe lake. Wagalatia 6 mstari wa 2 unasema mchukuliane mizigo, na ukishuka mstari wa 5 tu unakuta kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watu wanadhani inajipinga. Haijipingi. Aibu, hofu, njia ya kwenda kwa shemeji, huo ni mzigo, huo haubebeki peke yako na hukuumbiwa kuubeba peke yako. Deni lenyewe ni furushi lako na utalilipa.

Sasa tufanye nini. Mume kwanza. Asisikie kwa mtu wa jumuiya. Akirudi mwisho wa wiki, watoto wakishalala, mwambie yote na kiasi, usipunguze useme laki moja. Lakini kama ni mtu ambaye akikasirika mkono wake unakuja mbele, basi usimwambie mkiwa wawili, nenda kwanza kwa mchungaji au mama mchungaji mkae wote. Hilo umelijua wewe mi sijui, usione aibu kulizingatia.

Halafu mwenyekiti. Usiende kwenye grupu la WhatsApp, na wala sikushauri usimame Jumapili mbele ya kanisa zima. Nasema hivi kwa uchungu lakini ni kweli, kuna vikundi vyetu ambapo ombi la maombi linafika sokoni kabla ya amina, na mtu aliyekwisha kuungua hatumrudishi kwenye moto. Yakobo anasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa, kwa hiyo wa kuambiwa ni mtu atakayekuombea. Nenda kwa mwenyekiti na yule bibi wa karanga awepo. Najua cheo hana, lakini ndiye aliyekuombea uingiliwe ndani, ana haki ya kuona sala yake imejibiwaje. Chukua daftari la uhazina, chukua na kikopo au mkoba unaowekea hela hata kama ni mtupu, viweke mezani mbele yao. Sema nilichukua laki moja na themanini mwezi wa sita nikalipa deni langu, na siku ile nilikuwa ndani, hospitali nilidanganya. Usianze na zabibu. Ukianza na zabibu utajikuta unajitetea. Zabibu watakuuliza wenyewe.

Uhazina uachie palepale, usisubiri kuombwa. Najua utauma. Hata wakisema endelea tu, kataa kwa sasa, mtu mwenye kausha damu mlangoni hapaswi kulala na hela ya watu, tusijijaribu. Pangeni urudishe kiasi gani kila mwezi, elfu kumi na tano sawa, ishirini sawa, kiandikwe na kisainiwe. Na waamue wao jumuiya itajulishwaje, mfuko ni wa wote, lakini hapo utakuwa na watu wawili waliosimama na wewe.

Inawezekana pia wasikupokee vizuri. Sitaki nikudanganye. Mwenyekiti anaweza kukasirika, na ana haki ya kukasirika siku mbili tatu. Hasira ya ndugu sio Mungu kukukataa, usivichanganye.

Kuhusu hao wakopeshaji, tafuta mtu mwenye kuelewa mahesabu akae na mkataba wako, kama mkataba upo. Umekopa laki nane kwa rejesho la elfu 60 wiki ishirini, hiyo ni milioni moja na laki mbili, laki nne juu ndani ya miezi mitano. Tuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wa aina hii wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, na riba iliyowekewa ukomo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiizidisha kwa miezi mitano kwenye laki nane haifiki hata laki moja na nusu. Kwa hiyo uliza leseni, na Benki Kuu wana tawi hapa hapa Dodoma, kuuliza ni bure. Nenda na mume wako au mzee wa kanisa, usiende peke yako. Na tafadhali usikope kwa huyu kumlipa yule, hapo ndipo nimeona akina mama wanahama mpaka mkoa. Mtaji ukija kuutaka tena ulizia kata ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, haina riba, inataka kikundi na uvumilivu.

Ibada ya onlaini sikukatazi siku unaumwa. Lakini simu haiwezi kukuuliza mbona umekonda. Uliichagua kwa sababu hiyohiyo, na ndo sababu ya kuiacha.

Naomba niseme na jumuiya zetu pia, za Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, wote tunaokutana majumbani, maana barua hii sio ya dada mmoja. Jamani haya mashindano ya vitafunio. Dada yetu alifunga geti kwa sababu hana sukari. Tafakari hilo, kilichomzuia kufungua kwa watu wanaoleta Neno ni kwamba mwenzake alitoa pilau. Na huyu alikuwa mhazina, kiongozi, sasa yule mjane anayepanga chumba kimoja kule pembeni tunamwachia nini zamu yake ikifika? Mimi nilipokulia jumuiya ilikuwa maji ya kunywa kwenye kata, na kama ni msimu mtu anakaanga karanga au anatoa ubuyu, na hakuna aliyeondoka na njaa ya kitu. Kaeni mkubaliane, maji na Neno, basi, mwenye kutaka kulisha watu apeleke chakula kwa mgonjwa. Mkifanya hivyo tu kuna geti fulani mtaani kwenu litafunguka na hamtajua lilikuwa limefungwa.

Mwanangu, mtoto wako alikuuliza kama wanaokuja ni wezi na naona hukuniandikia ulimjibu nini. Usimwache na hilo swali. Mwambie wale ni rafiki zetu, mama aliogopa, ilikuwa kosa, na Alhamisi tunaenda kwao. Mwambie hivyohivyo, watoto wanaelewa kuogopa kuliko sisi.

Na Alhamisi nenda naye. Itakuwa kwa mtu mwingine, utafika utasikia mkono unataka kukimbilia jikoni, kupanga viti, kuosha vikombe, kwa sababu wewe ndo mama huduma na ndivyo unavyojua kulipa. Siku hiyo usioshe kikombe hata kimoja. Kaa kwenye mkeka karibu na yule bibi, mtoto mapajani, na mtu akikuletea chai ipokee kwa mikono miwili, unywe mpaka mwisho. Halafu niandikie uniambie ilikuwaje, nitakuwa nasubiri.